Usiku wa Albert Pike: Kisa cha Kambi Iliyowekwa Katika Njia ya Maji

Ijumaa ya tarehe 11 Juni 2010 inakumbukwa na wengi wetu kwa jambo moja: saa 11 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, timu za Afrika Kusini na Meksiko zilishuka uwanjani Johannesburg kufungua Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa katika bara la Afrika. Saa tano kabla ya filimbi ile, Nairobi na Dar es Salaam zilipokuwa katika adhuhuri, ilikuwa saa 10 alfajiri katika milima ya Ouachita, magharibi mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, na familia zilizokuwa zimelala katika kambi ya Albert Pike zilikuwa zinaamshwa na maji. Watu 20 walipoteza maisha, wakiwemo watoto wadogo, na wengi wao walikuwa jamaa wa familia zilezile, waliotoka Arkansas kwenyewe, Louisiana na Texas kuja kupumzika mwishoni mwa juma. Habari hiyo ilipita huku kwetu katikati ya shangwe za kabumbu, na sidhani kwamba imewahi kusimuliwa kwa Kiswahili kwa kirefu.

Naiandika kwa sababu sisi tunaowapeleka vijana kambini, iwe ni skauti, vikundi vya makanisa na misikiti au wanafunzi wa shule, tunachagua viwanja kwa vigezo vilevile vilivyowavuta watu wa Albert Pike. Tunatafuta mahali tambarare, penye nyasi na kivuli cha miti mikubwa, karibu na kijito chenye maji safi ya kupikia, kuogea na kuchezea. Hakuna kosa katika kuvitaka vitu hivyo. Hatari imo katika swali ambalo hatuulizi: ni nini kilichopafanya mahali hapo pawe tambarare, katika bonde ambalo kila upande wake ni mlima?

Albert Pike imo ndani ya Msitu wa Taifa wa Ouachita, msitu wa hifadhi ulioanzishwa mwaka 1907 katika utawala wa Rais Theodore Roosevelt. Milima yake si mirefu kwa kipimo cha Kilimanjaro wala Rwenzori, lakini imekunjamana kwa karibu sana, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kutoka mashariki hadi magharibi, na mito inayopita kati yake imechimba mabonde membamba yenye kuta za mwinuko mkali. Mto Little Missouri ni mmoja wa mito hiyo. Siku za kawaida za kiangazi ni kijito cha kupendeza, maji yake ni maangavu, yanapita juu ya miamba na kokoto, na penye kina cha kutosha watu huogelea. Dimbwi la kuogelea la Albert Pike lilikuwa na sifa kwa vizazi kadhaa, na wapo wazee waliowaleta wajukuu wao mahali ambapo wao wenyewe walijifunza kuogelea. Pembeni mwa mto, juu kidogo ya maji, kulikuwa na vipande vya ardhi tambarare vilivyogawanywa katika maeneo manne, A hadi D. Eneo D ndilo lililokuwa na starehe zaidi: kila kiwanja kilikuwa na soketi ya umeme na bomba la maji, hivyo lilifaa kwa trela na magari yenye vitanda na jiko ndani.

Sasa turudi kwenye swali la tambarare. Katika bonde jembamba la mlimani, ardhi tambarare iliyo kando ya mto haikuletwa na kitu kingine isipokuwa mto wenyewe. Kila mto unapofura na kutoka kwenye mkondo wake, maji yanayosambaa pembeni hupungua kasi na kutua mzigo wa mchanga, tope na kokoto. Baada ya mamia ya miaka, mzigo huo hujenga jukwaa, nyasi huota juu yake, miti hukua vizuri kwa sababu udongo una kina na unyevu, na binadamu anapofika huona kiwanja kilichosawazishwa kana kwamba kilimngojea yeye. Wataalamu hukiita uwanda wa mafuriko. Watu wa Dar es Salaam wanaoishi kando ya Msimbazi hawahitaji istilahi hiyo. Wao husema maji hayasahau njia yake, na wanasema hivyo baada ya kuona Jangwani inafunikwa masika baada ya masika. Uwanda wa mafuriko ni sehemu ya mto ambayo mto hauitumii kila siku.

Usiku ule mto uliihitaji. Mvua kubwa ya radi ilianza baada ya usiku wa manane na ikasimama juu ya bonde la juu la Little Missouri badala ya kupita. Uchunguzi uliofanywa baadaye na Idara ya Jiolojia ya Marekani ulikadiria kwamba mvua ya kiasi cha inchi 4.7, yaani karibu milimita 120, ilinyesha katika muda usiozidi saa tatu. Mtu aliyezoea mvua za Zanzibar au za Bukoba anaweza kusema kwamba kiasi hicho amewahi kukiona, na ni kweli. Lakini mvua hiyo ikianguka kwenye shamba la tambarare hutuama, huzama ardhini na husambaa polepole. Ikianguka juu ya miteremko mikali yenye udongo mwembamba uliolalia mwamba, haina pa kuzama. Tukihesabu kwa wepesi, milimita 120 juu ya kilomita moja tu ya mraba ni tani 120,000 za maji, na bonde hilo lina kilomita nyingi za mraba, na zote zinamimina katika mfereji mmoja mwembamba. Idara hiyo ilikadiria kwamba mvua ya kiasi hicho kwa saa tatu, mahali pale, ina uwezekano wa asilimia 2 hivi kutokea katika mwaka wowote. Si mvua ya kila mwaka, lakini mtu akiishi maisha ya kawaida mahali hapo anaweza kuiona.

Kilele cha mafuriko kilipita Albert Pike kati ya saa 10 na saa 10:30 alfajiri. Maji yaliyokuwa yakipita wakati huo yalikadiriwa kuwa futi za ujazo 40,100 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya mita za ujazo 1,100. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, hebu msomaji afikirie zaidi ya tani 1,100 zikipita mbele yake kila sekunde, gizani, zikiwa zimebeba magogo, mawe na magari. Chini zaidi, karibu na kijiji cha Langley, kuna kituo cha kupimia kimo cha mto. Kituo hicho kilionyesha mto ukipanda kwa zaidi ya mita 6 katika muda wa saa chache, hadi kufikia kimo cha futi 23 na ushei saa 11:30 alfajiri. Mita sita ni nyumba ya ghorofa moja pamoja na paa lake.

Tuangalie maana ya mwendo huo kwa mtu aliyelala. Ubaya wa mafuriko ya ghafla ni kwamba hatua za mwanzo zinafanana na mvua ya kawaida. Mtu anasikia manyunyu yakigeuka kuwa mvua kubwa juu ya turubai, anasikia radi, anajifunika. Mngurumo wa mto unaoongezeka unamezwa na mngurumo wa mvua. Anapohisi unyevu chini ya godoro, hufikiri kwanza kwamba hema limevuja. Anapofungua zipu na kuona maji yakipita kati ya mahema, wazo lake la pili ni gari: awaingize watoto, awashe injini, atoke kwa barabara aliyojia. Na barabara ya kambi iliyo kwenye uwanda wa mafuriko nayo inapita kwenye uwanda wa mafuriko. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hufundisha kwamba maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Mto unaopanda kwa kasi ya Little Missouri ulivyopanda usiku ule unavipita vipimo hivyo vyote vitatu ndani ya dakika chache. Nguvu ya maji nayo haikui sawia na mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne.

Walionusurika, wengi wao, ni wale waliopanda mlima kwa miguu gizani, au waliokumbatia miti hadi maji yaliposhuka, na baadhi waliamshwa na majirani waliokuwa wakipiga kelele na kugonga milango ya trela. Naona ni haki kulisema hili wazi, kwa sababu baada ya kila ajali ya namna hii hutokea mtu wa kuuliza kwa nini hawakukimbia. Walikimbia. Tatizo ni kwamba muda ambao ungewafaa ulikuwa umekwisha kabla hawajajua kwamba umeanza. Trela kubwa, ambazo mtu huziona imara kuliko hema, zilielea, zikagongana na miti na kuvunjika. Kazi ya kutafuta miili iliendelea kwa siku kadhaa, kwa farasi, kwa mitumbwi na kwa miguu, katika marundo ya magogo yaliyoziba mto kwa kilomita nyingi.

Onyo lilikuwepo. Karibu saa 8 usiku, yaani saa mbili hivi kabla ya kilele, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilitoa onyo rasmi la mafuriko ya ghafla kwa eneo hilo. Saa mbili zingetosha kumtoa kila mtu, hata ajuza na mtoto mchanga, maana ardhi salama haikuwa mbali: ilikuwa hapohapo kwenye mteremko. Lakini onyo lile lilitolewa hewani, na hewani likabaki. Simu za mkononi hazikushika mtandao ndani ya bonde lile, jambo ambalo wapiga kambi wengi hulihesabu kuwa sehemu ya mapumziko. Hapakuwa na king'ora. Mfumo wa Marekani unaotuma tahadhari moja kwa moja kwenye simu za watu walio katika eneo la hatari ulianza kazi mwaka 2012, miaka miwili baadaye, na hata kama ungekuwepo, simu isiyo na mtandao isingelia. Mawasiliano yalikatika mahali pafupi sana, kati ya ofisi ya utabiri na hema, na sehemu hiyo fupi haikuwa imekabidhiwa mtu yeyote.

Kuna hamu ya kumaliza uchambuzi hapo, kwa kusema kwamba dawa ni minara ya simu na ving'ora. Naikataa hamu hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, mto Guadalupe huko Texas ulifura katika saa zilezile za kabla ya alfajiri, tahadhari za simu zikiwa zimekwisha kuwa jambo la kawaida nchini humo kwa zaidi ya miaka kumi, na zaidi ya watu 130 wakafa katika eneo hilo la vilima, wakiwemo 27 waliokuwa katika kambi moja ya wasichana iliyo kando ya mto, watoto na walezi wao. Onyo ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni mahali mtu alipolala, na juu ya hilo kisa cha Albert Pike kina mambo ya kusikitisha zaidi kuliko mvua yenyewe.

Kabla Eneo D halijapanuliwa na kuwekewa umeme mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaalamu wa udongo wa Idara ya Misitu ya Marekani yenyewe alibainisha kwamba eneo hilo limo ndani ya uwanda wa mafuriko ya miaka mia. Tangu mwaka 1977 amri ya Rais Jimmy Carter ilikuwa inazitaka idara za serikali kuu ziepuke, kila inapowezekana, kujenga katika nyanda za mafuriko. Elimu ilikuwepo, amri ilikuwepo, na viwanja vikajengwa. Sidhani kwamba aliyeamua alikuwa mtu mwovu. Nadhani alikuwa mtu aliyeyatazama maneno "mafuriko ya miaka mia" na kuyaelewa kama wengi wetu tunavyoyaelewa, yaani jambo la vitukuu. Maneno hayo yamewapotosha watu wengi mno na ningependa yaachwe. Maana yake halisi ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea, na kila mwaka karata huchanganywa upya. Katika miaka 30 ya kutumia kambi, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni asilimia 26. Katika miaka 50 inakaribia asilimia 40. Hakuna mzazi atakayekubali kulipia kitanda cha mtoto wake akiambiwa hesabu hiyo kwa lugha nyepesi mlangoni.

Tena kuna tofauti kati ya kujenga meza za mchana na kujenga vitanda. Kiwanja cha kulia chakula kando ya mto kinaweza kustahimili hatari ileile bila mtu kufa, kwa sababu mchana watu wako macho, wanaona maji yakibadilika rangi, wanaona majani na vijiti vikianza kuelea, wanaondoka. Usiku ni hesabu nyingine kabisa. Baada ya msiba, Idara ya Misitu iliifunga Albert Pike kwa malazi, na kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata watu waliruhusiwa kwenda mchana tu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ungeweza kufanywa kabla, kwa maarifa yaleyale.

Hispania ilikuwa na kisa pacha cha hiki miaka kumi na minne kabla. Jioni ya tarehe 7 Agosti 1996, katika milima ya Pirenei, genge la Arás, yaani korongo la mlimani lenye mkondo wa maji, lilishusha maji na mawe juu ya kambi ya Las Nieves karibu na mji wa Biescas, na watu 87 wakafa. Bonde lote linalomimina katika genge hilo halifikii kilomita za mraba 20, na kambi ilijengwa juu ya tandiko la mawe na mchanga, pana kama upepeo, ambalo genge hilohilo lilikuwa limelijenga mafuriko baada ya mafuriko. Huko juu kulikuwa na vizuizi vingi vya mawe vilivyojengwa kutuliza mkondo. Vilivunjika mfululizo na kuongeza mzigo uliokuwa unashuka. Huko pia mtu alikuwa amesema: mhandisi wa misitu aliandika, kabla ya kambi kufunguliwa, kwamba mahali hapo pana hatari. Nikizisoma kesi hizi mbili pamoja, kinachonigusa ni kwamba katika kila moja alikuwepo mtumishi wa umma mmoja, wa cheo cha kawaida, aliyeifanya kazi yake barabara, akaiandika hatari kwa kalamu yake, kisha karatasi ikapita juu ya meza za watu wengine.

Mahakama za nchi hizi mbili zilifika mahali tofauti. Huko Hispania, baada ya miaka tisa ya mashauri, Mahakama ya Kitaifa iliamua mwishoni mwa mwaka 2005 kwamba serikali kuu na serikali ya jimbo la Aragón zilipe fidia ya zaidi ya euro milioni 11. Huko Marekani familia za marehemu ziliishitaki serikali na zikashindwa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 8 ikathibitisha kushindwa huko. Sababu ilikuwa sheria ya Arkansas inayomlinda mwenye ardhi anayewafungulia watu ardhi yake kwa burudani bila kutoza kiingilio. Lengo la sheria za namna hiyo ni jema, kwa sababu bila hizo wenye misitu wengi wangefunga malango. Lakini wapiga kambi wa Eneo D walikuwa wanalipa ada ya kiwanja, na mahakama ikaona kwamba ada hiyo si kiingilio kwa maana ya sheria. Naheshimu mipaka ya kazi ya jaji, ambaye husoma sheria iliyoandikwa na si ile aliyoitamani. Hata hivyo naona ni neno zito kumwambia mtu aliyefiwa kwamba fedha aliyolipa ili alale pale haikuwa malipo ya kuwa pale.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Nchini Kenya, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaja ukanda wa kati ya mita 6 na 30, lakini uliopimwa kuanzia kimo cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Kwa mtazamo wa kwanza sheria ya Tanzania ni kali zaidi, na kwa kulinda maji dhidi ya uchafu na kilimo huenda ndivyo ilivyo. Kwa mtu anayelala, nadhani kanuni hiyo ya Kenya iligusa jambo lenyewe, kwa kuwa ilianza na kimo. Mita 60 kwenye uwanda ulio sawa na mto ni mita 60 za maji. Mita 10 za kupanda ukingo mrefu zinaweza kuwa salama hadi asubuhi. Umbali kutoka mtoni ndio ambao macho hupima, kwa sababu ni rahisi kuuona; maji hupima kimo.

Kwetu mifano ipo, tena ya karibuni. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulifura katika Maasai Mara na kuzifunika kambi za kitalii zaidi ya kumi, na wageni na wafanyakazi wakaokolewa, wengine kwa helikopta, kutoka katika mahema yaliyopangwa ukingoni makusudi ili mgeni asikie viboko akiwa kitandani. Nyuma zaidi, tarehe 22 Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, baada ya maji ya mvua iliyonyesha kwingine kuwakuta ndani. Hao hawakuwa wamelala, ilikuwa mchana, na walikuwa matembezini, lakini chanzo ni kilekile: anga iliyo juu ya kichwa chako haisemi chochote kuhusu maji yatakayokufikia. Wafugaji wa nyanda kavu wanalijua hili tangu utotoni, na ukiwa nao hawatakuruhusu kutandika ndani ya korongo hata kama ni kiangazi na mchanga wake ni laini kuliko godoro. Husema korongo linashuka. Hawasemi mvua inanyesha. Wanasema korongo linashuka, kama vile ni mnyama anayekuja kutoka mlimani, na lugha hiyo ina elimu zaidi kuliko vibao vingi nilivyoviona malangoni.

Kwa hiyo mtu akifika kwenye kambi ya msituni kando ya kijito, saa 10 alasiri, na watoto wanashuka garini wakiwa wamechoka na njaa, afanye nini kabla ya kupiga kigingi cha kwanza? Atembee ukingoni kwa dakika kumi akitazama juu na si chini. Kwenye vigogo na matawi ya chini ya miti iliyo kando ya mto, mafuriko yaliyopita huacha saini: nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi, mifuko ya plastiki, vijiti vilivyojipanga upande mmoja, gome lililochubuka upande wa juu wa mkondo. Akiona nyasi hizo zimening'inia juu ya kimo cha kichwa chake, basi amesimama ndani ya mto, ingawa viatu vyake ni vikavu. Atazame pia mawe yaliyo chini ya nyasi: yakiwa ya mviringo na laini, yaliletwa hapo na maji. Mhudumu wa kambi na wenyeji waulizwe swali moja mahususi, si kama mto hufurika, maana jibu la adabu daima ni kwamba haufuriki sana, bali maji yalifika wapi mwaka ule yalipokuja kwa wingi. Mwenyeji atanyoosha kidole kwenye mti au kwenye jiwe, na kidole hicho kina thamani.

Pakiwa hapana budi kulala karibu na maji, kuna mtu mmoja wa kukabidhiwa usiku. Kazi yake si kulinda vyungu dhidi ya nyani. Ni kuweka kijiti chenye alama ukingoni jioni, na kukitazama kila mvua inaponyesha, hata mvua ikiwa ni manyunyu tu huku umeme unamulika milima ya juu. Maji yakigeuka rangi, yakianza kubeba majani mabichi, au yakipanda kwa upana wa kiganja katika nusu saa, anaamsha watu wote bila kuomba ruhusa ya yeyote, na hatukanwi akikosea.

Na kabla giza halijaingia, watoto wapandishwe mteremko mara moja kwa miguu, kwa njia ileile watakayoitumia, bila viatu kama ndivyo watakavyolala, hadi mahali palipo juu kabisa ya alama za mafuriko ya zamani. Katika korongo la Big Thompson huko Colorado, ambako zaidi ya watu 140 walikufa usiku wa tarehe 31 Julai 1976, wengi wakiwa kwenye barabara iliyo chini ya bonde, vibao viliwekwa baadaye vikimwambia msafiri aache gari na apande mlima mara moja. Huko Albert Pike pia, wengi wa walionusurika walipanda. Zoezi hilo huchukua robo saa, watoto hulifurahia kama mchezo, na anayeliongoza ahesabu vichwa mara mbili: mara moja chini kwenye mahema, na mara ya pili pale juu.